Peremende za Mzee Matheka

Ni Jumapili asubuhi, kengele ya kanisa haijalia, lakini uwanja wa vumbi nyuma ya nyumba za Shauri Moyo tayari una watu watatu. Wa kwanza ni Mahmud, mwenye duka la pembeni. Kanzu ameipandisha hadi magotini na mikononi ameshika fimbo ya gofu kama mtu aliyeitwa kuua nyoka. Wa pili ni Matheka, mwanamume wa miaka hamsini na miwili, aliyesimama kando macho yamemtoka. Wa tatu ni Mbeti, mke wa Matheka, na yeye ameshika paketi ya peremende.

Mahmud anainua fimbo. Matheka anafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Mbeti amekwisha kumtia peremende.

Mahmud anapiga. Mpira wenyewe ni soksi kuukuu zilizofungwa kwa uzi, maana madirisha ya jirani yako karibu. Unaruka kidogo, unapinda kushoto na kutumbukia mtaroni. Matheka anaifyonza peremende kwa uchungu, mishipa ya shingo imemsimama.

"Amesema?" anauliza Mahmud.

"Hajasema," anajibu Mbeti. "Lakini ametamani."

"Kidole gumba," anasema Matheka, peremende ikigonga meno. "Bwana Mahmud, kidole gumba umekiweka—"

"Haya, umesema!" Mbeti anapiga kofi pajani. "Tunaanza upya. Na peremende zenyewe zinakwisha."

Anayepita njia angedhani wazee hawa watatu wamerukwa na akili siku ya Bwana. Sivyo. Hapa pana mazoezi makali kuliko ya timu yoyote ya mpira mtaani. Kesho, Jumatatu ya kwanza ya Machi 1996, Matheka atacheza raundi nzima ya gofu katika Hoteli ya Bwawa la Korongo, na kitu kimoja tu kinachoweza kumshinda ni mdomo wake mwenyewe.

Matheka ni kedi. Hiyo ndiyo kazi ya kubeba begi la fimbo la mchezaji wa gofu, kumtafutia mpira vichakani na kumweleza upepo unatoka wapi na mteremko unaelekea wapi. Ameifanya tangu mwaka wa 1970. Kwa kila raundi hulipwa shilingi mia moja na ishirini, pamoja na chochote ambacho moyo wa mchezaji utaongeza, na mioyo ya wachezaji, asema Matheka, hutegemea mpira ulikoangukia.

Hakuja Nairobi kwa ajili ya gofu. Alitoka Mbooni akiwa kijana na patasi mbili kwenye mfuko wa gunia, akaja kuchonga vinyago kwa mjomba wake. Siku moja mjomba akamtuma kupeleka twiga kumi na wawili wa mti kwenye duka la hoteli moja nje ya jiji, upande wa mashamba ya chai. Akashusha twiga wake, akageuka, akaliona bwawa.

"Niliona maji, nikaona majani yamekatwa kama zulia, nikaona mtu mzima amevaa soksi ndefu anafukuza kimpira," anakumbuka. "Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu yule mtu akaniuliza kama nimeuona mpira wake ulikoingia. Nilikuwa nimeuona. Basi, mpaka leo natafuta mipira."

Twiga waliofuata walipelekwa na mtu mwingine.

Miaka mitatu baadaye Matheka alimwoa Mbeti, na hapo ndipo alipojitia kitanzi. Siku chache baada ya harusi, akiwa bado na ule ujasiri wa bwana harusi, alimwambia mkewe kwamba pale hotelini kuna vyumba vinavyotazama bwawa, na kwamba siku moja atamlaza pale. Wataamka asubuhi wafungue pazia, korongo watakuwa wanatembea majini mbele yao, na chai italetwa mlangoni.

Wakapata watoto watatu, binti yao Kathini akiwa wa kwanza. Karo ikaja, mabati ya nyumba ya Mbooni yakaja, ukame ukaja ukaondoka ukarudi. Bei ya chumba kimoja kwa usiku mmoja ilizidi kila alichobeba Matheka kwa mwezi. Jamaa za wafanyakazi hawavuki lango la nyuma. Kwa hiyo Mbeti, anayeuza muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kwa wachinjaji na wachoma nyama wa soko la Burma, akazeeka bila kupaona mahali mumewe anapodamkia kila siku.

"Sijamdai," asema Mbeti, akitabasamu. "Nilijua ni maneno ya bwana harusi."

Lakini Matheka hakuyasahau. Na kwa bahati, kuna njia.

Kila mwaka hoteli hufunga uwanja wake siku moja, na makedi hucheza wao kwa wao. Mshindi hupewa malazi ya siku mbili, yeye na mtu wake mmoja, chumba kinachotazama bwawa. Matheka amecheza vizuri kuliko wote mara tatu, na mara zote tatu akatoka mikono mitupu.

Sheria ya gofu ni fupi na haina huruma: ukimpa mpinzani wako ushauri, unaongezewa mipigo miwili. Na katika gofu mwenye mipigo mingi ndiye anayeshindwa. Sasa mchukue mtu aliyekula kwa kushauri maisha yake yote, umsimamishe kando ya mwenzake anayetaka kupiga vibaya, umwambie anyamaze. Mwaka wa kwanza Matheka alimwambia mwenzake ashushe bega. Mwaka wa pili alimwambia, "Ngoja upepo upite." Mwaka jana hakusema neno lolote tangu asubuhi, watu wakaanza kumpongeza, na kwenye shimo la mwisho akamchomolea mpinzani wake fimbo inayofaa na kumkabidhi, akaipangusa kabisa. Tangu siku hiyo makedi humwita Mzee Ushauri.

"Mkono ulikwenda wenyewe," asema. "Nilipoushtukia, ulikuwa umeshatoa."

Mwaka huu kuna haraka. Goti lake la kulia limeanza kulia kama bawaba, na daktari wa kliniki amemshauri aache mabegi. Matheka amepanga kwamba baada ya shindano hili ataketi kwenye kibanda cha kutengenezea fimbo, kazi ambayo mikono yake ya uchongaji inaiweza. Shida ni kwamba shindano ni la makedi peke yao. Akishaketi kibandani, ahadi ya Mbeti itakuwa imeketi naye.

Ndipo akapata wazo. Hakuna sheria inayomkataza mchezaji kuchagua wa kumbebea begi. Amchukue Mbeti. Kazi ya Mbeti itakuwa kubeba fimbo, na kila mpinzani akikaribia mpira, kumtia mumewe peremende.

Mahmud aliufurahia mpango huo akatoa paketi nzima bure. "Huyu bwana mimi namjua," anasema, akipangusa vumbi la kanzu. "Ukimuuliza kama mkate umeletwa, atakueleza shimo la tisa. Kama peremende itamnyamazisha, wallahi nitaitangaza kuwa ni dawa."

Jioni ya siku hiyo nyumbani kwa Matheka, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua, Mbeti ameketi na ungo anachagua maharagwe ya muthokoi wa kesho kutwa. Matheka anasimulia. Hii ni desturi yake. Kila jioni akitoka kazini huvua viatu na kuicheza upya raundi nzima hapo kwenye kigoda, shimo hadi shimo, akitumia mwiko kama fimbo.

"Sasa la kumi na saba," anasema, akiinuka licha ya goti. "Hilo ndilo kaburi la watu. Unapiga kuvuka bwawa. Bendera iko nyuma ya kilima kidogo, kwa hiyo imelala, unaona kama hakuna upepo. Mtu anachukua fimbo ndogo, mpira unapanda, unakutana na upepo huko juu, unarudi majini. Mimi huwaambia, usiangalie bendera. Angalia mikalitusi. Ile mikalitusi nyuma ya bwawa ikiinama, upepo upo."

"Mmh," anasema Mbeti, akitoa kijiwe kwenye ungo. "Baba Kathini, chumvi imetosha kwenye mboga?"

Mbeti anapotoka nje kumwaga taka, Matheka anaketi. Sauti imempungua.

"Miaka ishirini na mitatu namsimulia hivi," anasema. "Simlaumu, hurudi amechoka na yeye. Lakini wakati mwingine naona ni heri ningeongea na sufuria. Angalau ikipata moto inajibu."

Siku ya Jumatatu, lori la hoteli linalowachukua wafanyakazi kwenye mzunguko wa City Stadium lilimpakia abiria mpya. Mbeti alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, kitambaa cheupe kichwani na raba alizonunua Gikomba. Mwandishi wa makala haya alipanda pia, akapewa peremende moja, akaambiwa na yeye anyamaze.

Bwana Mulama, msimamizi wa makedi, alimtazama Mbeti kwa muda mrefu, kisha akakipekua kijitabu cha sheria tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuona lolote la kumkataza.

"Sawa, mama, karibu," alisema. "Ila mjue jambo moja. Mchezaji na mbeba begi wake ni mtu mmoja. Kosa lako ni lake, lake ni lako."

"Ndoa yetu iko hivyohivyo," alijibu Mbeti, makedi wakacheka.

Wakacheka zaidi alipochukua begi. Hakuliweka begani. Aliinama, akaupitisha mkanda wake juu ya paji la uso, mgongo ukapokea uzito, akainuka na kuanza kutembea kama wanawake wa Mbooni wanavyobeba kuni na maji. Mtu mmoja akapiga mluzi. Baada ya mashimo matatu ya kupanda kilima, vijana wenye mikanda mabegani walikuwa wanahema, naye Mbeti anauliza kama safari bado ndefu.

Matheka alipangwa kundi la mwisho pamoja na Otiende, kijana wa Jericho mwenye mikono mirefu na kicheko cha karibu. Otiende alijibebea begi lake mwenyewe.

"Niaje, buda," alimsalimu. "Leo ni leo. Na huyu ndiye mama yetu? Shikamoo, masa. Huyu mzee akinifunza kitu leo, mimi nachukua tu, sikatai."

"Hakufunzi kitu," alisema Mbeti, akitikisa paketi.

Mpango ulifanya kazi. Kila Otiende alipouendea mpira, mkono wa Mbeti ulikwenda mdomoni mwa mumewe. Kwenye shimo la nne Otiende alisimama miguu imekaa upande, na Matheka akageuza uso akatazama chai iliyopandwa mpaka mwisho wa macho, shavu limevimba. Kwenye la saba alifumba macho kabisa. Na yeye mwenyewe alicheza vizuri. Fimbo yake kubwa, ambayo kichwa chake alikichonga kwa kipande cha mti alichoachiwa na mjomba, ilitoa ule mlio mzito ambao fimbo za chuma za siku hizi hazinao, na mipira ikaenda alikoituma.

Lakini alikuwa na donge rohoni. Tangu walipotokea kwenye lile bwawa asubuhi, ukungu ukiinuka majini na korongo wanatembea kwa madaha kama mabwana shamba, alikuwa anamtazama mkewe. Alikuwa ameingoja saa hiyo miaka ishirini na mitatu. Mbeti aliyatazama maji, akawatazama ndege, akasema, "Mmh."

Kwenye shimo la tisa, mahali pa juu kabisa, ambapo jiji zima linaonekana huko chini, Matheka alijaribu tena.

"Ile pale ni Nairobi," alisema. "Yote ile."

"Burma ni wapi?"

Matheka alinyoosha kidole mahali palipokuwa na moshi mwembamba. Hana hakika kama kweli ulikuwa moshi wa nyama choma.

"Mmh," alisema Mbeti, akaurudisha mkanda kwenye paji la uso.

Basi, alijiambia Matheka, kumbe ni majani na maji tu. Labda hata hicho chumba atakiona, atasema mmh, atageuka alale. Hata hivyo akaendelea kucheza, kwa sababu ahadi ni yake, iwe inapendwa au haipendwi.

Walipofika kwenye shimo la kumi na saba, makundi mengine yalikuwa yamemaliza, na habari zilikuwa zimewafikia: hakuna aliyewakaribia wao wawili. Matheka alikuwa mbele ya Otiende kwa mpigo mmoja. Yalibaki mashimo mawili, na dirishani mwa hoteli, ng'ambo ya bwawa, palionekana pazia jeupe la chumba.

Matheka alipiga wa kwanza. Akatazama juu ya mikalitusi, akachukua fimbo namba tano, mpira ukapaa, ukasukumana na upepo huko juu, ukashuka kwenye majani mafupi karibu na bendera. Mbeti akapumua. Peremende ikaingia mahali pake.

Otiende akaja. Aliitazama bendera. Ilikuwa imelala kabisa, haitikisiki. Akamtazama mzee na fimbo yake namba tano, akatabasamu kama kijana anavyotabasamu akiona nguvu za mzee zimepungua. Akachomoa namba nane, fimbo fupi isiyofikisha mbali.

Matheka aliona. Shavu lilimtetemeka. Mikono akaifumbata nyuma, kidole kwa kidole, na peremende akaibana kwa meno ya mbele ili isimwachie nafasi. Maji yalikuwa yanaungoja ule mpira. Alinyamaza. Mdomo na hata mkono wa Mzee Ushauri vilinyamaza.

Otiende akainua fimbo.

"We mwanangu!" Sauti ilipasuka juu ya bwawa, korongo wawili wakaruka. "Usiangalie bendera! Angalia mikalitusi!"

Alikuwa Mbeti. Alikuwa amepiga hatua mbele, mkono ameunyoosha, kama mama aliyemwona mtoto anataka kuvuka Jogoo Road bila kutazama magari.

Otiende alisita. Akainua macho. Mikalitusi nyuma ya bwawa ilikuwa imeinama yote upande mmoja. Akairudisha namba nane, akachukua namba tano, akapiga, na mpira ukaenda ukalala hatua mbili kutoka kwa ule wa Matheka.

"Haya, hapo sasa!" Mbeti alipiga makofi. Kisha akaona hakuna mwingine anayepiga. Peremende ya Matheka ilikuwa majanini. "Kuna nini?"

"Bwana Mulama alisema," Matheka alijibu polepole, "kwamba mimi na wewe ni mtu mmoja."

Mbeti aliweka mkono mdomoni. Akaketi palepale, begi likiwa bado mgongoni.

"Buda, mimi sijasikia kitu," Otiende alisema haraka. "Hapa tuko sisi tu. Huyu wa gazeti pia hajasikia. Si ndiyo?"

Mwandishi alitazama viatu vyake.

"Umebadilisha fimbo, mwanangu," alisema Matheka. "Umesikia, tena umesikia vizuri. Niandikie mipigo miwili."

Ilibidi wazunguke bwawa kwa miguu. Otiende alitangulia mbali, kichwa ameinamisha. Matheka alilichukua begi, Mbeti akamnyang'anya, wakatembea mpaka kwenye ukingo wa bwawa. Hapo Matheka akasimama. Wenye kumjua walidhani ni goti.

"Mama Kathini. Mambo ya mikalitusi, nani alikuambia?"

"Wewe. Nani mwingine?"

"Lini?"

"Kila siku, Baba Kathini."

"Ulikuwa unasikia?"

"Kwani kulikuwa na mtu mwingine wa kukusikia?" Mbeti alipangusa macho kwa ncha ya kitambaa. Alikuwa analia na pia ameanza kukasirika. "Nimekuharibia. Miaka yote hiyo, halafu mimi ndiye nimekuharibia. Nilimwona yule mtoto anakwenda kupoteza mpira, nikasahau kila kitu."

Lakini Matheka alikuwa mahali pengine kabisa.

"Asubuhi nilikuonyesha bwawa, ukasema mmh."

"Nilikuwa naangalia kama kila kitu kiko mahali ulipokiweka," alisema Mbeti. "Kilikuwepo. Ule mti uliopigwa na radi kwenye la pili, upo. Lile jiwe la kukalia wazee kwenye la sita, lipo. Ningesema nini? Ni kama nimerudi nyumbani kwetu."

Matheka alitazama maji. Baadaye alimweleza mwandishi kwamba alitaka kusema jambo hapo, jambo la maana, na kwa mara ya pili siku hiyo mdomo wake haukutoa kitu, wala hakukuwa na peremende. Akaushika mkono wa mkewe, mbele ya msimamizi na makedi waliokuwa wanangoja ng'ambo ya bwawa, na wapishi waliokuwa wanatazama kutoka jikoni. Wazee wa umri wake hawafanyi hivyo hadharani. Wakaenda hivyo hadi kwenye bendera.

Kila mmoja alimaliza shimo hilo kwa mipigo mitatu, Matheka akaongezewa miwili yake. Shimo la kumi na nane walitoka sare. Otiende akashinda kwa mpigo mmoja.

Makedi hawakujua kama wacheke au wampe pole. Bwana Mulama aliposoma matokeo, mtu wa nyuma akaita, "Mzee Ushauri ameoa Mama Ushauri!" na hapo watu wakaangua kicheko, Matheka akicheka kuliko wote, kile kicheko chake cha kuketi chini.

Otiende aliwafuata wakingoja lori, bahasha ya zawadi mkononi, hana raha.

"Masa, chukueni nyinyi. Mimi sina hata demu wa kuja naye. Hii kitu ni yenu."

Mbeti hakuipokea. "Mamako yuko wapi?"

"Ushago. Siaya."

"Amewahi kulala kitanda kilichotandikwa na mtu mwingine?"

Otiende alifikiri. Kisha akatikisa kichwa.

"Basi. Na umwonyeshe mikalitusi."

Wiki moja baadaye, Shauri Moyo imerudia shughuli zake. Otiende amekwisha kumtumia mama yake nauli. Mahmud, aliyeshasimuliwa kisa chote na watu wasiopungua saba, kila mmoja kwa namna yake, ameuliza swali moja tu: peremende zilikuwa za mtu mmoja, ni nani aliyefanya hesabu hiyo? Kwenye rafu ya juu ya duka lake ametenga paketi mbili, na hamuuzii mtu.

Matheka naye amebadili mpango. Kibanda cha kutengenezea fimbo kitangoja. Amekubaliana na Bwana Mulama abebe mabegi mepesi, siku tatu kwa wiki, ili jina lake libaki kwa makedi hadi Machi ijayo. "Goti nimeliomba mwaka mmoja," asema. "Halijakataa." Mbeti ndiye atakayebeba begi tena. Amekataa kabisa mtu mwingine.

Jioni, nyuma ya pazia la maua, sufuria iko jikoni na taa ya mafuta imewashwa. Matheka ameketi kwenye kigoda, goti amelinyoosha, ungo uko mapajani, anachagua maharagwe. Anayesimulia leo ni Mbeti. Amesimama katikati ya chumba na mwiko mkononi.

"Sasa kijana anakuja," anasema. "Mimi niko nyuma, namwona anaangalia bendera. Nikasema moyoni, huyu ameangalia bendera. Nikakuangalia wewe, shavu limevimba kama la mtoto mwenye jino. Upepo huko juu—"

"Mmh," anasema Matheka, akitoa kijiwe.

Mbeti anashusha mwiko. Anamkazia macho. "Baba Kathini, unanisikiliza wewe?"

Matheka hainui kichwa.

"Mikalitusi," anasema. "Ulikuwa unafika kwenye mikalitusi."